Springi ya Tatu

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ututoke ghafla ukaiacha dainamo ya lile gari lako la zamani juu ya meza ya kibandani, imefumuliwa yote, kila kipande kimefutwa na kupangwa juu ya gazeti.

Ulikuwa fundi uliyemsikiliza mteja hadi mwisho, hata aliyeanza kusimulia tangu siku gari liliponunuliwa. Ulipiga mluzi usio na wimbo. Ukiulizwa kazi itaisha lini, jibu lilikuwa moja: "Kesho." Mama alilisikia miezi mitano kuhusu cherehani yake iliyokuwa ikikata uzi. Asubuhi ile ya mwisho alikwambia, "Gari unalitia mafuta kila wiki, mimi na cherehani yangu tunaota kutu."

Ukacheka. "Kesho, mama watoto."

Jioni moyo wako ukasimama. Tangu hapo Mama hakukanyaga kibandani. Alikulilia, na alikuwa amekununia, na hakujua aanze na lipi.

Binti yako mwalimu ndiye aliyejitwisha dainamo. Alitaka Mama aje kaburini leo kwa gari lako. Aliurudisha ule mhimili wenye nyaya za shaba, akatia mafuta kwenye bushi ya nyuma, pale mhimili unapozungukia, kama ulivyoandika kwa chaki ukutani: "Matone mawili, si matatu." Akafika kwenye kaboni, vile vipande vinavyousugua mhimili. Kaboni ni mbili, na springi za kuzikandamiza ni mbili. Mezani zilikuwepo tatu.

Hapo ndipo akili zilipotuhama. Alifungua, akafunga, akafungua tena. Rafiki yako, fundi umeme, alikuja mara nne, akaigeuzageuza ile springi ndogo, akasema, "Mzee katuachia mtihani." Dainamo yenyewe ilichaji vizuri, taa nyekundu ya dashibodi ikazimika, lakini mwalimu hakuridhika.

"Kipande kimebaki," alisema. "Basi kuna mahali nimekosea. Siwezi kumpakia Mama kwenye kosa langu."

Juzi aliipeleka springi ile jikoni kwenye kiganja, akamwuliza Mama kwa kukata tamaa tu. Mama aliitazama kitambo. Akaichukua, akaenda kwenye cherehani, akaipachika pale uzi unapobanwa. Ikaingia. Uliikunja mwenyewe kwa waya mpya. Alama za koleo lako zinaonekana. Akachukua kitambaa cha kufutia vyombo, akashona mstari mrefu, na uzi haukukatika.

"Sasa kwa nini hakuniambia?" aliuliza. "Mwaka mzima nimemnunia mtu, kumbe kazi yangu alishaifanya. Sasa nimlaumu kwa lipi?" Akaendelea kushona kitambaa kilekile, mstari juu ya mstari, hadi kikawa kigumu kama kadibodi.

Leo anakuja kwako kwa gari lako, amekaa kiti cha mbele. Sisi wengine bado tumechanganyikiwa, Baba. Hatujui ni mangapi mengine uliyatengeneza kimyakimya, nasi tukadhani umesahau.

Unakumbukwa na mkeo, binti yako mwalimu na mumewe, wajukuu zako wawili, na rafiki yako fundi umeme, ambaye hajakurudishia koleo. Mama alitaka iandikwe kwamba bado amekununia. Kisha akasema tufute. Kisha akasema tuache tu hivyohivyo.

Hatutakusahau maisha, na cherehani haikati uzi tena.