Filamu ya Baba na Utani wa Makaburini

Mdogo wangu Lameck,

Mbukwa. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Area D, wewe na shemeji na watoto, na kwamba vumbi la Dodoma halijawamaliza macho. Mama naye anaendeleaje huko Mpwapwa? Goti lake bado linatabiri mvua kuliko redio? Mimi huku Dubai ni mzima wa mwili. Joto ni la kukaangia mayai juu ya boneti, lakini kaka yako si mtu wa kuungua. Nashika mlango wa mbele wa jengo ambalo ukitaka kuona mwisho wake lazima kofia ikudondoke, na matajiri wa mataifa yote hawapiti mpaka niwaitikie salamu. Kwa hiyo hali ya nje ni nzuri. Ya ndani ndiyo nakuandikia.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu, mimi niliyeachana na shule kidato cha pili. Ni kwa sababu kila nikikupigia siku hizi uko kikaoni. Karatasi haina kitufe cha kukata. Nimempa jamaa yangu wa Kondoa anayekuja likizo, na nimemwambia asinywe hata chai kwako mpaka akuone umeifungua.

Ni habari ya filamu ya baba.

Ilipofika huku niliitangazia kambi nzima ya wafanyakazi. Unanijua. Niliwaambia filamu hii inayobandikwa picha kubwa kama nyumba ni ya mzee wangu, Jiwe la Mpwapwa, bondia aliyewalaza mabingwa wa nchi wasizozijua, na mimi ndiye kifungua mimba wake. Tukaenda kundi zima siku ya mapumziko: Waganda, Wapakistani, hadi msimamizi wetu Mfilipino ambaye hacheki na mtu. Nilivaa suti. Nilikaa katikati kama bwana harusi.

Niwape haki yenu kwanza, usije ukasema kaka ana chuki. Mahali palipotengenezwa, pametengenezwa. Zile ngumi unazisikia kwenye meno yako mwenyewe. Yule kijana aliyeigiza baba ana mabega ya baba, anapiga mashoto kama baba, anakaza bendeji kwa meno kama baba. Na pale kabla ya kengele anapotoka kwenye kona yake, anavuka ulingo, anainama na kumpa shikamoo mwalimu mzee wa mpinzani wake, halafu ndipo anarudi kwenda kumpiga mwanafunzi wa mzee huyo, hapo nililia. Nililia mbele za watu na sikujificha. Nikasema, wamemwona. Hawa watu wamemwona baba.

Na vichekesho navyo vilikuwepo. Ugogo nzima imekauka, watu wanakufa njaa, ng'ombe wanaopita nyuma ni wale wa maziwa, weusi kwa weupe, wamenona kama wamealikwa bungeni. Mama anapika wali wa nazi. Nazi, Lameck, Mpwapwa, mwaka wa njaa! Mlenda, mboga yetu ya kila siku, hawakuuonyesha hata kwa bahati mbaya. Nilicheka, nikawaeleza wenzangu, nao wakacheka. Hayo niliyasamehe. Pesa nyingi hazinunui macho ya mtu aliyezaliwa mahali.

Halafu ikaja njaa yenyewe.

Baba kwenye filamu anafunga begi. Mama anamshika shati, ana mtoto anayenyonya. Baba anamwambia ameitwa kupigania mkanda, anaukwanyua mkono wake, anapanda basi. Mama analikimbilia basi mpaka anaanguka. Kule anakokwenda kuna mwanamke mwenye hereni, na kuna chakula mezani. Na mtoto kule nyumbani anakufa. Kifungua mimba. Anafia mapajani kwa mama, taratibu, na muziki wa vinanda.

Mtoto yule ni mimi.

Nimekaa na suti yangu, bisi mkononi, naangalia ninavyozikwa. Kato, yule Mganda ninayelala naye chumba kimoja, akanigeukia polepole akauliza, "Elia, si ulisema wewe ndiye wa kwanza?" Nikamsukumia bisi zote. Tangu siku ile kambini naitwa Marehemu. Asubuhi wananipa pole kwa kuondokewa na mimi. Hilo nalibeba, mimi mwenyewe nimewatania watu vibaya zaidi. Ninachoshindwa kubeba ni kwamba yale maneno ya baba kukimbia njaa niliyatambua. Nilishayasikia. Na wewe ulikuwepo.

Siku tunamzika baba, wale wageni wa filamu walikuwa na kamera yao pembeni ya kaburi, na wewe katikati yao unawatafsiria. Mzee Mdemu, mtani wetu wa Kihehe, akatokea amevaa joho la ulingoni la baba, nyuma mbele. Akakaa ukingoni mwa kaburi, miguu ikining'inia ndani, akasema jeneza halishuki mpaka apewe jogoo. Akaanza kumsema marehemu. Kwamba huyu hakuwa bondia, alikuwa mkimbizi. Kwamba njaa ilipoingia Ugogo alimtupa mke na kitoto, akakimbilia kwa mwanamke wa mjini, akarudi aliposikia harufu ya ugali. Watu walikaa chini kwa kucheka. Mama, aliyekuwa hajafumbua mdomo tangu msiba uanze, akamjibu, "Na wewe Mhehe ulibaki Ugogo unalinda nini, sufuria?" Akacheka mpaka akapata machozi, na yalipopatikana ndipo akamlilia mumewe sawasawa. Hiyo ndiyo kazi ya mtani. Mtoto wa darasa la kwanza kwetu anaijua.

Wageni hawaijui, siwalaumu. Wao waliona mzee mwenye mvi anatoa ushuhuda juu ya kaburi. Lakini wewe ulisimama pale na Kiingereza chako chote. Ulitafsiri maneno, ukaacha kutafsiri kicheko. Na mwisho wa filamu, majina yanapopanda, jina lako limeandikwa kubwa, mshauri wa mila na desturi. Nilisimama nikalisoma mpaka taa zikawaka.

Ukweli unaujua kwa sababu tumekua nao. Kuitwa kwenye mkanda baba aliitwa. Hakwenda. Alinifunga mgongoni kwa kanga ya mama, bondia mzima, akatembea na mimi mpaka hospitali ya Mpwapwa, akalala sakafuni chini ya kitanda changu mpaka nilipoanza kula. Mkanda ule akauchukua mtu mwingine. Wenzake wakamcheka, wakasema ametiwa kanga na mkewe. Kwenye filamu ile hakuna raundi inayoifikia hiyo, na hiyo ndiyo waliyoitupa.

Ile siku moja uliyopokea simu nilikuuliza kwa upole. Ukaniambia, "Kaka, bondia asiye na dhambi hauziki. Walitaka jeraha." Nikakuuliza, na mama je, atakayekalishwa kiti cha mbele siku ya uzinduzi hapo Dodoma? Ukasema nisihofu, Kiingereza hakijui, utakaa karibu yake na utamtafsiria vizuri. Vizuri! Lameck, macho yake hayahitaji mkalimani. Atamwona mumewe akiukwanyua mkono wake. Atamwona mwanawe anafukiwa. Utamnong'oneza nini hapo? Kwamba baba anakwenda sokoni?

Nilimpigia Mzee Mdemu. Nilidhani atacheka aseme Wagogo hata filamu mnaomba kwa watani. Nikamsimulia yote. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa namlilia baba yako. Sisi tunalia hivyo." Akanirudishia salamu, akakata yeye mwenyewe. Mzee yule hajawahi kumaliza mazungumzo bila kunitukana.

Jana mama amenitumia ujumbe wa sauti kwa simu ya binti wa jirani. Shemeji amemshonea gauni la kitenge. Anauliza, kule mbele kwa wakubwa, baba akishinda, mtu anaruhusiwa kupiga kigelegele? Nimeusikiliza mara nyingi, na sijamjibu.

Kwa hiyo nakuomba, na ninapokuomba mimi ujue nimekaza meno. Kabla ya siku hiyo panda basi uende Mpwapwa. Mpitie Mzee Mdemu, mkaingie wote kwa mama. Mweleze kilichomo, chote, na jina lako lilivyofika mle. Mwambie kwa Kigogo, maana kwa Kiingereza umeshasema ya kutosha. Usinisukumie mimi. Mimi nikimwambia itakuwa kaka anamsemea mdogo wake, na sitaki akuchukie kupitia mdomo wangu.

Mimi mwenyewe nimekasirika, sijakufuta. Ungekuwa mbele yangu ningekupiga kofi, halafu ningekuuliza umekula. Kwenye kifurushi alichokuja nacho jamaa wa Kondoa kuna tende na viatu vya watoto. Vya hasira hakuna.

Msalimie sana shemeji, mwambie mishono yake inasifiwa hadi Uarabuni. Msalimie shangazi yetu wa Chamwino aliyetulea mama alipokuwa mgonjwa, na mchungaji aliyemzika baba. Mzee Mdemu mpe shikamoo yangu, hata akiikataa.

Mama akishasikia yote, mwache aamue. Akisema twende, mshike mkono mwende, na akipiga kigelegele piga naye. Akisema haendi, kaa naye nyumbani umpasulie kuni, na kile kiti cha mbele kibaki wazi. Watakapouliza ni cha nani, wajibu wewe. Ndiyo kazi uliyoichukua, kutafsiri.

Ni mimi kaka yako mmoja, nisiye na mwingine wa kugombana naye,

Elia