Hema la Futi Kumi kwa Kumi na Mbili

Mdogo wangu Byamungu,

Hema lako limefika. Liliachwa mlangoni kwangu hapa Louisville, furushi la turubai limefungwa kamba kama belo la mitumba, jina lako juu na anwani yangu chini yake. Wewe uko ardhini Buffalo tangu Januari. Waliolishona wanakubali kulipokea na kurudisha pesa ndani ya mwezi mmoja, mradi halijaguswa na maji. Mke wako alitaka lirudishwe. Nakuandikia hili wazi, mbele ya watu, kwa sababu mambo yako mengi yameamuliwa bila mimi kuulizwa, na hili nataka ionekane nani aliyeliamua.

Unakumbuka simu ya kwanza? Nilikuwa nimetoka kazini ghalani, nimekaa kwenye cherehani nashona sare za kwaya. Ukasema, "Dada, nataka kununua hema." Nikadhani umefukuzwa kwenye nyumba. Nikakuuliza kodi imekushinda tangu lini. Ulicheka mpaka ukakohoa.

"Hapana, Dada. Hema ya kuchezea."

Ukaanza kunieleza habari za wale wazungu wa kiwandani kwenu. Kiangazi wanavaa makoti ya askari wa zamani, wanapiga kambi kando ya ngome kuukuu, wanapika kwa kuni, wanalala chini, na Jumapili jioni wanavua makoti, wanapanda magari yao, wanarudi kwao kuoga maji ya moto.

"Na wewe unajifanya nani?"

"Mpishi. Moto ulikuwa unawashinda, donc basi nikasogea tu, nikapuliza. Sasa kila mtu anakuja kwenye moto wangu."

Nilikasirika, na sijui kama hasira hiyo imeisha. Mimi na wewe tulikulia chini ya shitingi, ile plastiki nyeupe wanayopewa wakimbizi. Nilikuwa na miaka kumi na minne tulipoingia kambini na wewe ulikuwa na sita, umenishika kanga nyuma kama mkia. Mchana mle ndani tulikuwa kama viazi kwenye sufuria iliyofunikwa. Asubuhi maji yalidondoka kutoka juu hata siku isiyo na mvua, pumzi zetu wenyewe zikituangukia. Nikakusimulia yote hayo kwenye simu kama vile hukuwako. Ukanisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ile hatukuichagua, Dada," ukasema. "Mimi nataka hema nililolichagua mwenyewe."

Nikakwambia, basi kama ni kuchagua, chagua vizuri.

Ndivyo tulivyopitisha vuli nzima, wewe Buffalo na mimi Louisville, tukizungumza habari ya turubai kama watu wanaooza binti. Ulikuwa umeshapenda hema moja rahisi, la kitambaa chepesi cha aunsi nane kwa yadi, futi nane kwa kumi. Nikakuomba picha ya mshono. Ukaniletea picha ya hema zima, na bendera juu yake.

"Sinunui bendera," nikakwambia. "Nipe pale paa linapokutana na ukuta."

Ulipoileta nikaona mstari mmoja wa uzi. Mstari mmoja! Upepo wa ziwa lenu ungelifungua lile kama bahasha. Nikakufundisha kutazama mshono wa kukunja, kingo mbili zimemezana na uzi umepita mara mbili. Nikakufundisha kutazama pembeni, kwamba pale kamba zinapovuta pawe na kiraka cha ngozi au turubai la pili, kwa sababu hema haliraruki katikati, linararuka linapovutwa. Aunsi nane ni shuka. Aunsi kumi na mbili ungehitaji watu wa kukusaidia kubeba. Tukakaa kwenye kumi, iliyotiwa dawa ya ukungu na ya maji.

Ukubwa tuligombana. Ukasema futi nane kwa kumi zinakutosha, wewe ni mtu mmoja. Nikakupigia hesabu. Nane kwa kumi ni themanini. Toa kitanda, toa sanduku, toa meza yako ya mpishi, unabaki na pa kusimama kuvaa suruali, na mguu wa pili uko nje. Kumi kwa kumi na mbili ni mia na ishirini. Na kuta ziwe futi nne, zisiwe tatu, maana ukuta mfupi unakula sakafu: sehemu iko, ila kichwa hakikubali kwenda huko. Ukasema, "Dada, wewe ungekuwa mhandisi." Nikakujibu kwamba mimi ni mhandisi, aliyenilipia karo tu ndiye hakupatikana.

Wenzako nao walikuwa na masharti yao. Rangi ya pamba yenyewe, bila kupakwa. Kamba za katani, si nailoni. Mlango wa kufunga kwa tepe za kitambaa. Zipu, yule mzee wa kundi lenu aliiita dhambi. Hayo uliyakubali yote. Kitu kimoja tu kilikushinda, na kilinishinda na mimi mwanzoni, kwa sababu tumetoka mahali pamoja: ulitaka kulaza shitingi juu ya paa, usiku mvua ikija. Sisi kichwani mwetu kinachozuia maji ni plastiki. Ilinibidi nimwagie maji kipande cha turubai kwenye sinki ndipo nielewe. Pamba ikilowa mara ya kwanza inavuja, halafu nyuzi zinavimba na kuziba matundu zenyewe. Ukilifunika kwa plastiki umelinyima pumzi, na utarudi kulala chini ya jasho lako. Ukasema, "Kwa hiyo linahitaji kulowa kwanza."

"Lazima lilowe. Na usikate nguzo kabla halijalowa, kwa sababu litasinyaa. Mimi nimeweka asilimia tatu. Ukuta wa inchi arobaini na nane utapoteza inchi moja na nusu, kasoro kidogo."

Ukaliagiza lije kwangu ili nikague mishono. Uliniambia, "Dada akilipitisha, limepita." Halafu Januari ukatoka kuondoa theluji mlangoni, na nilikwambia mara ngapi umlipe kijana mwenye mashine, na moyo wako ukasimama pale pale, koleo mkononi.

Nilipanda basi. Lilifika Columbus likasimama. Barabara ya kwenda kwenu ilikuwa imefungwa kwa theluji. Esther, binti wa mama mdogo, alikuja kunichukua, akanipeleka kwake, mtaa wa Linden. Alinipikia sombe, yale majani ya muhogo, nikala. Hilo nalikumbuka kwa sababu watu waliokuwa sebuleni walinitazama nikila, wakitazamia nikatae. Sikusikia njaa wala shibe. Chakula kiliwekwa mbele yangu, nikala.

Maziko yako niliyaona kwenye simu, imeegemezwa kwenye kopo la maziwa ya unga. Aliyeshika ya huko kwenu alikuwa anatetemeka kwa baridi, nikaona zaidi paji la uso la pasta na kiatu cha mtu. Halafu nikasikia pasta akisema familia imeamua kilio kiishe siku ile ile, kwa ajili ya hali ya hewa na zamu za watu kazini. Familia! Wewe unajua kwetu anayesimama kuvunja matanga ni mkubwa wa nyumba ya marehemu. Nyumba yetu ina mkubwa mmoja. Alikuwa Linden, amekaa kwenye kiti cha plastiki, sahani mapajani. Barabara ilipofunguliwa nikageuza kurudi Louisville. Ningefika Buffalo kufanya nini, kusaidia kurudisha viti kanisani?

Nilirudi kazini. Nilishona. Watu wa hapa waliniambia pole mlangoni mwa kanisa nikasema asante. Nilingoja kitu kinishike. Hakikunishika. Mpaka leo ni kama mkono uliolaliwa, unaujua ni wako kwa kuutazama.

Basi furushi likafika. Nikanunua mbao za nguzo, nikazikata ndefu kuliko kipimo, na Jumamosi nikamwambia mwanangu Neema anishikie, tulisimamishe tu, kavu, nikague mishono, kisha nilifunge nilirudishe kama mke wako alivyotaka. Hana kosa katika hilo. Ana watoto watatu na hapiki kwa kuni. Uani kwangu kuna mteremko, kwa hiyo nikalisimamisha mbele ya nyumba.

Sikufikiri. Hapa mtaani South End, kwa watu wetu, hema jeupe mbele ya nyumba lina maana moja.

Mama Furaha ndiye wa kwanza. Alivuka barabara kitambaa kimemfunguka kichwani, anapiga kelele, "Mama Neema eee! Nani? Nani tena?" Neema akamjibu kwa Kiingereza chake kwamba hakuna aliyekufa, ni hema tu. Mama Furaha akampapasa shavu. "Mtoto hajui. Banamuficha." Nilipotoka na futi yangu ya kupimia, tayari yuko ndani amekaa chini, viatu kavua. Nyuma yake wakaja wengine. Papa Eliya, mzee wa kanisa letu, alishusha viti vya kanisa kutoka kwenye gari lake. Mtu akaleta mfuko wa mchele, mtu akaleta soda. Nikasimama na futi mkononi nikiwatazama wakipangana kandokando ya kuta, akina mama kushoto, akina baba kulia, kama walioelekezwa.

"Sasa tuambie, mama," Papa Eliya akasema taratibu. "Ni nani?"

Ningeweza kusema hakuna. Nikasema, "Mdogo wangu. Byamungu."

"Wa Buffalo? Lakini huyo alikufa wakati wa baridi ile."

"Ndiyo."

Wakatazamana.

"Bon," akasema. "Na kilio chake ulikikalia wapi?"

"Sikukaa."

Akavuta kiti, akakikalia vizuri. "Basi tukae."

Wakakaa. Waliimba kidogo, wakasali kidogo, halafu wakaanza kulikagua hema, unajua watu wetu. Hema hii mulitoa wapi? Ni ya kijeshi? Nikawaeleza habari za ngome, makoti, kuni.

"Wazungu banalala mu hema kwa kupenda?" Mama Furaha akauliza.

"Kwa kupenda. Na wanalipa."

"Bangetuambia! Tungebaachia yetu."

Walicheka mpaka Papa Eliya akafuta macho kwa tai. Nilijua ni mzaha mzuri. Nilijua tu. Nikawa natazama mshono juu ya vichwa vyao, uzi umepita mara mbili kutoka mwanzo hadi mwisho bila kuruka hata tundu moja, na viraka vya pembeni vimekaa sawa. Ulichagua vizuri, Byamungu. Hakuna pa kulikatalia.

Ndipo nikatoka nje, nikafungua bomba la bustani, nikaelekeza maji juu ya paa.

"Mama Neema! Sisi tuko ndani!"

"Kaeni," nikasema. "Litavuja kidogo, halafu litaacha."

"Kilio kimemupanda kichwani," nikamsikia mmoja akisema.

"Msiguse paa! Ukigusa kwa kidole, hapo hapo patavuja."

Mikono yote ikashuka mapajani. Papa Eliya akaukumbatia mfuko wa mchele. Maji yakapenya kama umande, yakawakaa kwenye nywele na mabegani, na hakuna aliyetoka. Nikalizunguka lote, kuta na paa, pande zote. Nilipofunga bomba na kuingia, walikuwa wametazama juu wote kama watoto, wanangoja tone lingine. Halikuja.

"Limejifunga lenyewe?" Mama Furaha akauliza kwa sauti ndogo. "Bila shitingi?"

"Lenyewe."

Jioni ile nilimtumia mke wako bei yake yote kutoka mfukoni mwangu. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia limelowa. Lilipokauka nilipima ukuta, na inchi moja na nusu kasoro kidogo imeondoka, kama nilivyokwambia. Nguzo nimezikata kwa kipimo sasa.

Lakini kabla watu hawajaondoka Jumamosi ile, Papa Eliya alisimama, akakohoa, akanigeukia mbele ya wote. "Mkubwa wa nyumba yuko hapa," akasema. "Tuvunje matanga?"

Ni swali nililopaswa kuulizwa Januari. Wote walinitazama. Nilitafuta ndani yangu kama ninavyotafuta sindano iliyoanguka, kwa viganja, taratibu, na sikugusa kitu.

"Bado," nikasema.

Hakuna aliyebisha. Wakanishika mkono mmoja mmoja, wakaenda kulala kwa sababu kesho yake kulikuwa na ibada na keshokutwa kazi. Viti wameviacha. Mama Furaha akitoka kazini hupitia humo, anakaa kidogo, ananiuliza kama nimekula, anakwenda zake. Papa Eliya amekuja mara kadhaa na mkewe. Mtu wa manispaa aliuliza hema litakaa mpaka lini, Neema akamjibu kwamba muulize mama yangu, na mimi nikamwambia sijui.

Buffalo walivunja matanga ya kwao. Haya ya Louisville yako mikononi mwangu. Siku nitakayolia nitasimama mlangoni pa hema, niseme kwa sauti kwamba kilio cha Byamungu kimekwisha, watu wachukue viti vyao. Kabla ya hapo usijihesabu kuwa umeagwa.

Pumzika huko walikokulaza bila kuniuliza.

Ni mimi, dada yako mkubwa.