Koti Analolalia Diwani

Jumamosi, 7 Septemba 1996

Vuli imeanza kweli. Asubuhi nimepanda njugu nyuma ya jikoni, peke yangu, kwa jembe langu. Mchana nikaoka mkate kwenye debe, makaa chini, makaa juu. Upande mmoja umeungua kama kawaida. Mbwa wangu Diwani hakugusa gamba. Meno yamekwisha, maskini. Marehemu mume wangu alimpa jina hilo kwa kuwa alibweka kutwa na hakuwahi kukamata mwizi.

Jioni Dolphine, mke wa mwanangu Fanuel, akaja na kikapu cha maharagwe ya mbegu. Eti nitapanda lini? Nikamwonyesha matuta. Akatazama chini. Kumbe hayo hayahesabiki! Mama mkwe hutangulia kupanda, mke wa mwana hufuata — ila mama mkwe huyu ni mjane, hajarithiwa na shemeji yake, kwa hiyo mkono wake ni kama haukugusa udongo. Mvua inapita bure, na msichana mwenye mimba kubwa anasubiri mwanamume aingie nyumbani KWANGU ndipo achimbe shimo la haragwe.

Nikamwambia apande. Udongo hauulizi nani kaolewa.

"Na mtoto akizaliwa mgonjwa, Mama?"

Nikampa hotuba nzima. Akalia.

Jumatatu, 9 Septemba

Jared kaja kutoka Suna na nyundo. Mdogo wa marehemu, seremala, mume wa Marcella. Anataka kurekebisha ua. Nani kamwita? Tangu mazishi amekuwa akipita mbali na boma hili kama lina ndui. Leo ua umemuuma!

Na Diwani hakubweka. Mbwa anayembwekea padri, anayembwekea chifu (nampenda kwa hilo), anayebwekea hata ngurumo! Alijikokota hadi langoni, akaingiza pua ndani ya koti jeusi la Jared, akatikisa mkia.

"Shemeji, mzee huyu wa mkia bado yupo?"

"Yupo."

"Basi ndiye mwanamume wa boma siku hizi."

"Na anatosha."

Akacheka. Dolphine naye akacheka, kule jikoni, kwa sauti ya chini. Nimeiandika hapa ili nisiisahau.

Alhamisi, 12 Septemba

Dolphine anataka kujifunza kuoka. Tangu lini? Miaka miwili ameliona debe langu akaona debe tu. Leo kachekecha unga, kakanda, "Mama, hivi?", "Mama, makaa yanatosha?" Utamu umezidi.

Alasiri nusu ya mkate haipo. Eti kampa mbwa. Mbwa asiye na meno kala nusu mkate na gamba lake! Mkate wangu umekwenda Suna, naapa. Mtu hampelekei mtu mkate bila shughuli.

Jumamosi, 14 Septemba

Baridi, mvua tangu alfajiri. Nilikwenda sokoni Awendo, Diwani nikamwacha akikohoa sebuleni. Nimerudi — kalala juu ya koti. Koti jeusi. Nikaingiza mkono mfukoni: vumbi la mbao.

"Alikuwa anatetemeka, Mama," anasema Dolphine.

"Koti la nani?"

"Si ni koti tu."

Koti tu! Mimi niliyeandika gazetini, ukurasa mzima, kwamba huku kwetu shemeji akiona haya, au akiogopa ugonjwa, hutuma koti lake lilale nyumbani kwa mjane, na asubuhi wazee wanatikisa vichwa: karithiwa tayari! Nilicheka sana nilipoandika. Sasa wameniozesha kwa koti, na mshenga wao ni mbwa.

Nikashika pindo nivute. Diwani akaninguruma. Mimi! Niliyemlisha kwa vidole vyangu tangu meno yaanze kudondoka.

Sikuvuta.

Jumapili, 15 Septemba

Kumekucha, Dolphine yuko shambani anapanda. Anaimba! Ushahidi gani zaidi?

Fanuel kaja kutoka kazini Awendo. Nikamkabili. "Mama, kwani mbwa kulalia koti ni dhambi?" Kidato cha nne nilimsomesha mimi, na bado hawezi kudanganya akinitazama usoni.

Baada ya misa Marcella akanishika mkono mbele ya wanawake wote. "Nyar Asumbi! Koti lile nililitia rangi mwenyewe, nikabadilisha vifungo. Mwambie mume wetu mwenye mkia asilikojolee." Wakacheka hadi vilemba vikalegea. Nami, binti wa Asumbi mwenye mdomo wake, nikashika njia ya nyumbani.

Njiani nimewaza. Marcella hakukasirika hata kidogo. Ndiye mpishi wa haya yote? Ukitoa koti, mume anabaki nyumbani. Mjanja! Mwanamke pekee mwenye akili katika ukoo huu, na yuko upande ule.

Jumatano, 18 Septemba

Nimeanza makala. "Walivyomrithi Mjane Bila Yeye Kujua." Makali kabisa. Yatachapwa.

Diwani hainuki tena. Anakula mkate uliolowekwa maziwa, kidogo tu. Nilimhamishia kwenye blanketi. Alitambaa, akirudi nyuma na kuanza tena, hadi kwenye koti.

Nikapiga magoti nione kuna nini. Bitana imefumuka pale anapochimba kwa pua. Ndani, Marcella hakutia rangi. Kahawia. Na kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiraka, tundu la kuungua — la debe langu, siku marehemu alipoutoa mkate kwa haraka, akapiga kelele, akaula hivyo hivyo.

Nguo zake waligawana baada ya mazishi. Nilikataa kutazama nani kachukua nini.

Kwa hiyo aliyelala nyumbani kwangu ni nani? Hakuna aliyenirithi! Nimewashinda kwa sheria yao wenyewe! Nilitaka kutoka nje nipige kelele hadi Suna isikie.

Dolphine alikuwa anamalizia kupanda, ameshika kiuno, akiamini nimerithiwa. Nikakaa chini.

Makala hayajaendelea.

Jumamosi, 21 Septemba

Maharagwe yamechomoza. Dolphine kaniita nione, kama mtoto. Uchungu umemuanza tangu asubuhi, wa mbali mbali. Fanuel kaenda kumwita mkunga. Nimeweka mkate kwenye debe, maana nyumba yenye uzazi haikosi wageni.

Jared yuko langoni. Ananyeshewa, katoka Suna na shati tu.

"Shemeji, nimekuja kumwona mzee. Na koti langu — mvua hii!"

Langu, anasema. Nikimpa, nimekubali ni lake na nimerithiwa; nikimnyima, Dolphine atajua kapanda bure. Diwani kasikia sauti, kainua kichwa, kisha akakirudisha kwenye ule mkono ulioungua.

Dolphine kashika nguzo ya mlango, mkono mwingine tumboni. Hamtazami Jared. Ananitazama mimi.

"Mama, utampa?"

Najifanya bado naandika. Mkate umeanza kunuka kuungua, ule upande ule ule.