Sinema Mbili za Dubwana Moja

S.L.P. 614,
Nakuru.
17 Machi 1977

Mpendwa dada Wariara,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, Naftaly na watoto, na kwamba baridi ya huko imeanza kulegea. Kile kifua kilichokusumbua Januari kimepona? Sisi huku Bahati tuko. Mvua bado. Watu wamelima na wanangoja, na vumbi linaingia hadi kwenye sukari. Mguu wa shangazi Wachuka ni uleule.

Barua yako ya Februari ilifika pamoja na picha ya mtoto. Uliuliza mambo mawili. Kwanza, kama ile sinema mpya ya dubwana uliyoiona huko imefika Nakuru, na inalinganaje na ile ambayo Baba alikuwa akituelezea shambani. Pili, kama macho ya Baba yataweza kungoja hadi Agosti, utakapompatia nafasi ya upasuaji katika hospitali unayofanya kazi. Nina majibu ya yote mawili. Niliyapata Jumamosi iliyopita, katika ukumbi mmoja.

Ile ya zamani huenda umeisahau, maana ulikuwa mdogo. Mwaka 1961 Mohinder Singh alizunguka na gari lake la sinema katika mashamba ya wazungu, Bahati, Subukia na Solai, akitundika shuka kwenye ukuta wa ghala la pareto. Baba alisimama kando na kipaza sauti akieleza kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza cha sinema hakuna aliyekifuata, na kambini tulikuwa watu wa kila kabila. Dubwana lilikuwa kenge mwenye shingo ya fahali. Lilitembea kwa kushtukashtuka, kwani lilikuwa sanamu iliyosogezwa kidogo kidogo kwa mkono. Lilitoka ziwani dakika ya kumi na mbili, upande wa kushoto. Likavunja daraja, likabeba punda na mkokoteni, likafa kwa moto ndani ya ghala la ngano. Yote hayo saa moja na dakika nane.

Hii mpya ni saa mbili na robo, na ni ya rangi. Kenge ni yuleyule, ila magamba yake unaweza kuyahesabu, na akipumua unaona mbavu zikipanda. Lakini unamngoja dakika hamsini. Kabla ya hapo ni wataalamu, helikopta na simu. Mwishoni haungui, anatumbukia bwawani, na hakuna anayejua kama amekufa. Maoni yangu ni kwamba katika ile ya zamani dubwana lilikuwa la uongo na woga wa watu ulikuwa wa kweli. Katika hii mambo yamegeuka.

Mohinder sasa ana ukumbi mjini. Alimwalika Baba kwa heshima ya siku zile, onyesho la saa nane mchana, viti vya mbele. Baba alivaa koti lake la harusi yako. Muda kidogo baada ya kuanza, muziki ulipopanda, alisimama. Nilidhani anaenda haja. Akasema kwa ile sauti ya shambani:

“Akina mama, shikeni watoto. Huyo anatoka majini, mkono wa kushoto.”

Kwenye pazia palikuwa na mwanamke anapiga simu.

Watu walicheka, mwanzoni bila ubaya. “Mzee, huyo ni msichana, sio kenge,” mmoja akasema nyuma yetu. Mwenzake akamjibu, “Wachana naye, pengine anamjua huyo msichana.” Baba hakukoma. Alieleza daraja, akaeleza punda. Mtu mwingine akapaza sauti: “Guka, babu yetu, kaa chini. Sinema yako ilienda na wabeberu.”

Mohinder alikuja na tochi. “Thuo, kaa bwana. Hii watu nasikia Kiingereza siku hizi.”

Baba aliketi. Baada ya muda akaniuliza kwa sauti ya chini, “Nderitu, kwani wamebadilisha?”

Nikasema wamebadilisha.

“Sasa hapo kuna nini?”

Nilimweleza: mwanamke, simu, dirisha, mvua nje. Kutoka hapo nilimweleza sinema nzima hadi mwisho.

Jumatatu nilimpeleka kwa daktari wa macho. Ni presha ya maji ndani ya jicho. Mshipa wa jicho la kushoto ulikufa kitambo. La kulia limebaki na mwanga tu. Anajua dirisha liko wapi. Kilichokufa hakirudi, si kwa miwani, si kwa kisu, si hapa, si huko. Nilimwuliza daktari swali hilo kwa njia tatu, naye akajibu vilevile mara zote. Nimeambatisha maandishi yake. Wewe ni muuguzi, utayaelewa kuliko mimi. Ile nafasi ya Agosti mpe mgonjwa mwingine.

Baba amekiri kwamba hajaona sura ya mtu tangu mavuno ya mwaka juzi. Alihesabu hatua za kwenda chooni na dukani, akawatambua watu kwa mwendo na kikohozi. Nakula naye kila Jumapili, na kazi yangu ya gazetini ni kutazama. Sikuona.

Utataka kujua alisemaje juu ya picha. Shangazi alimpa, akaishika muda mrefu, akasema mtoto ana paji la uso la Mama. Sote tulifurahi. Lakini msichana wa pili huchukua jina la nyanya yake upande wa mama, na huyu mmemwita Wangui, jina la Mama. Hakuna babu wa kwetu ambaye angesema vingine. Picha hakuiona. Ni afadhali ulijue hilo kutoka kwangu.

Nilimwomba Mohinder ile sinema ya zamani, angalau Baba asikie mlio wake. Tulifungua makopo pamoja. Mikanda imegandamana na inanuka siki. Haiwezi kuchezwa tena popote. Imebaki kichwani mwa Baba, na Baba ana miaka sabini na mmoja.

Ameniagiza nikuandikie kwamba hii mpya ni nzuri kuliko ile, ila dubwana linachelewa kutoka. Nimeandika alivyosema.

Mkija Desemba, usisimame mlangoni ukingoja akutambue. Miaka sita imebadilisha mwendo wako, na kikohozi chako hakijui. Taja jina lako kwanza, halafu umwekee mtoto mkononi.

Shangazi Wachuka anawasalimu, pia jirani yetu Hezekiah na mkewe. Msalimie sana Naftaly. Mungu awatunze huko mliko na awape njia njema ya kurudi.

Kaka yako akupendaye,

Nderitu wa Thuo