Njia ya Kusini Imefungwa

Jumatano, 12 Machi

Nimepita kituo cha habari za wageni, pale langoni mwa hifadhi. Dada anatimiza miaka arobaini. Sherehe hataki, anataka kulala porini. Haya! Mhudumu, mama mwenye miwani ya kamba, hakunipa kikaratasi akaniacha. Aliuliza tuko wangapi, nani anajua kuogelea, tutalala wapi. Akaweka kidole kwenye ramani ya ukutani: njia ya kusini imefungwa, daraja limesombwa na maji. Tupite kaskazini, mlimani. Ni mbali, akasema, lakini mtu anarudi.

Alhamisi, 13 Machi

Shemeji! Mungu nipe subira. Nimewaeleza mezani, kacheka mpaka chai ikampalia. Eti wa kituoni kazi yao kutisha watu. Eti yeye kila kitu anacho kwenye simu.

"Na simu yako inajua daraja limekwenda na maji?"

"Wewe shemeji, hata kuoga utaombea kibali!"

Dada akacheka kidogo. Kicheko cha kumridhisha mume, nakijua. Nimeosha vyombo kwa kishindo. Kikombe kimoja kimevunjika. Chake.

Ijumaa, 14 Machi

Tumekubaliana: kaskazini. Kesho asubuhi nawapitia. Shemeji karudi kwenye simu yake. Nimeshinda!

Jumamosi, 15 Machi

Wameondoka bila mimi! Nimekuta kufuli mlangoni. Ujumbe wa dada: usikasirike mdogo wangu, mwenzangu kaamua tupite kusini, ni karibu, kesho tumerudi.

Nisikasirike!

Simu zao hazipatikani. Nimekimbilia kituoni. Mama wa miwani hakunilaumu, hapo hapo akawaita askari wa hifadhi kwa redio. Kisha akaniuliza dada kavaa nguo za rangi gani. Sijui! Dada yangu, tumbo moja, na sijui kavaa nini.

Jumapili, 16 Machi

Niko kituoni, kwenye benchi chini ya ramani. Askari wamefika mtoni. Umefurika. Hema lao liko upande huu, tupu. Nimemwomba Mungu, nikamtukana shemeji, nikaomba tena.

Kaingia sasa hivi. Shemeji. Peke yake! Neno lake la kwanza — anauliza wapi atachaji simu.

Nimemkaba kola. Watu wametuachanisha. Naandika ili mikono ipate kazi nyingine.

Dada yuko wapi? Anatazama sakafu. Eti walibishana ukingoni, dada alitaka warudi. Eti yeye akamwambia dada: wewe mwepesi, tangulia upime maji, ukivuka salama nitakufuata. Eti akamwona yuko katikati, halafu hakumwona. Eti alimwita sana.

Mama wa miwani kamsikiliza bila kupepesa. Kashika redio: tafuteni mkifuata maji, kushuka chini.

Kushuka chini!

Redio inakwaruza, hakuna anayejibu bado. Shemeji kakaa mbele yangu, kapakata simu. Natazama viatu vyake. Vikavu. Mpaka kamba.