Sinia la Bandarini na Mwanao Gi-tae

Soko la Samaki, Haedeok,
Jeolla ya Kusini.
Oktoba 21, 2023

Mpendwa mdogo wangu Pil-ho,

Pokea salamu kutoka huku kwetu, ambako baridi imeshaanza na asubuhi vidole vinakufa ganzi nikiosha kome. Hujambo? Na wifi yangu Sun-ok je, lile goti limepoa, au bado anashinda kwenye cherehani na kusema haliumi? Huko Buenos Aires najua sasa maua yanachanua, nawaonea wivu. Mama hajambo. Masikio yamezidi kuwa mazito lakini mdomo haujapungua hata kidogo: jana kaonja kabichi yangu ya kimchi akaniuliza kama nimeichota baharini. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, na huo nimeshauzoea.

Sasa tuje kwenye lililonikalisha hapa na kalamu. Wiki iliyopita ulinipigia simu ukafoka, ukaniita mwendawazimu niliyemwaibisha mwanao mbele ya bandari nzima, kisha ukakata nikiwa bado nimeshika mwiko. Basi nakuandikia. Karatasi huwezi kuikatiza, labda uichane, na ukiichana nitaandika nyingine.

Ulipoondoka huku lile sinia la burudani pale bandarini halikuwapo. Ni sahani kubwa ya chuma, ina benchi la kuzunguka ukingo mzima, na watu wanakaa kwenye hilo benchi wakitazamana. Hakuna mkanda. Unashika bomba lililo nyuma ya mgongo wako, basi. Linazunguka, linainama, linarukaruka kama punda aliyeumwa na nyigu, na watoto wa watu wanarushwa huku na huko wakicheka. Juu kwenye kibanda cha kioo anakaa mtu mwenye swichi na kipaza sauti, anawatania. Mtu huyo, kwa miaka miwili sasa, ndiye Gi-tae wako.

Na nikuambie ukweli, alikuwa hodari. Nikiwa dukani kwangu nakata tambi nilikuwa namsikia: “Wewe mwenye soksi za mama yako, shikilia! Nani kasema anataka kushuka? Aliyejenga hapa alisahau kuweka mlango wa kutokea!” Watu wanapiga kelele, “Acha! Acha!” naye anaongeza, nao wanafurahi zaidi. Wateja wangu walikuwa wanacheka mpaka mchuzi unawatoka puani. Nami nilikuwa najivuna, nawaambia, huyo ni mtoto wa mdogo wangu.

Jumapili ile ya Septemba ambayo nadhani alikusimulia kwa maneno mawili matatu, alipanda Yechan. Humjui. Ni mtoto wa pekee wa yule mama mwenye saluni pembeni ya soko, anayeniwekea nywele mawimbi kila nikikumbuka kwamba nina nywele. Alikuwa na miaka kumi na tisa na Jumanne yake alitakiwa kuripoti jeshini. Wenzake wawili walimleta aage raha. Gi-tae alimfahamu, akamshika hapohapo: “Jamani, huyu anakwenda jeshini! Tumfundishe kuruka kabisa, asiwasumbue makamanda?” Umati chini ukaitikia, zidisha, zidisha. Akazidisha.

Kipande cha bomba alichoshika Yechan kilichomoka. Alitoka pamoja nacho, akaangukia kwenye ngazi za saruji. Nilisikia muziki unaendelea na mayowe yamebadilika. Nilifika na aproni yangu. Sitakuandikia nilichokiona. Ila nitakuandikia hiki: waliomzunguka walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa wameinua simu kupiga picha. Nilimpokonya mmoja simu yake nikaitupa baharini, na sitaomba radhi. Mtoto alifia njiani, hospitali hawakuwahi kumpokea.

Gi-tae hakula. Alijifungia chumba cha juu, nikawa naweka uji mlangoni na kuuondoa ukiwa umeganda. Sikukuu ya mavuno ikapita, meza ya wahenga tumeiandaa mimi na Mama tu, wawili, kama wajane wa vita. Halafu yule bwana Bang, mwenye sinia, akaja na boksi la mapeasi. Akakaa sakafuni kwangu, akamwita Gi-tae ateremke, akasema, “Kijana, ukikaa ndani watu watadhani una hatia. Mkaguzi amepita, stika mpya imebandikwa, kila kitu safi. Rudi kazini, usizungumze na mtu.” Na wewe, Pil-ho, baba yake mzazi, ukampigia ukamwambia hayohayo! Bang ana sinia la kulinda, naweza kumwelewa huku namtukana. Wewe ulikuwa unalinda nini?

Akarudi. Wakatundika kitambaa kikubwa: TUMERUDI, KWA KISHINDO ZAIDI. Nikadhani hakuna mwenye akili atakayepanda. Mdogo wangu, foleni ilifika kwenye mlango wa duka langu! Wengine walitoka mbali, mpaka mjini Mokpo. Wasichana wawili walikula tambi kwangu, mmoja akamwambia mwenzake, “Ndilo lile lililoua, twende tukapige picha palepale.” Kwa furaha, kama anayekwenda kuona maua. Na mama Yechan yuko mita chache kutoka hapo, amefunga saluni, anausikia ule muziki.

Nilizima jiko. Nikavua ndala, nikavaa viatu vya kamba, nikaenda.

Binti wa tiketi akaniambia, “Bibi, choo kiko upande ule.”

“Sitaki choo. Nataka tiketi.”

“Ah, bibi! Kuanzia miaka sitini hairuhusiwi. Kwa ajili ya usalama.”

Kwa ajili ya usalama! Nilicheka kwa hasira mpaka akaogopa. Nikampita, nikapanda ngazi zilezile, nikakaa kwenye benchi mahali palipofungwa bomba jipya. Bado lilikuwa linang’aa. Vijana wakapiga makofi: “Bibi! Bibi! Bibi!”

Gi-tae hakunitambua mara moja, alikuwa anatazama mashine zake. Akaanza kama kawaida yake: “Oooh, leo tumepata mrembo mwenye aproni! Mama, jiko umezima? Mzee nyumbani anajua uko wap...” Kisha akainua macho. Bandari nzima ikasikia kwenye spika, kwa sauti ya mtoto mdogo: “Shangazi?”

“Ndiyo mimi. Zungusha.”

“Shangazi, shuka. Tafadhali.”

“Kwa nini nishuke? Si limekaguliwa? Si lina stika mpya?”

“Utaumia. Mgongo wako...”

“Yechan alikuwa na mgongo mzuri.”

Kijana mmoja mwenye nywele za njano akanigeukia. “Bibi, acha visa, unatuharibia raha. Tumepanga foleni saa nzima.” Nikamuuliza, “Mama yako anajua uko hapa?” Akasema hajui. Nikamwambia, “Basi huyu aliyekufa mama yake alijua. Alimpigia pasi shati.” Akainuka akashuka, lakini wenzake walibaki wamekaa, wengine wananirekodi, wengine wanaimba zungusha, zungusha. Sikuwa na hotuba, Pil-ho. Usidhani nilikwenda pale kama mwanaharakati wa kwenye televisheni. Nilikuwa nimeshika bomba kwa mikono yote miwili, na nilichokuwa nacho kichwani ni kwamba nikishuka, litazunguka.

Bang akaja mbio, jasho linamtiririka. Alipanda kibandani akafungua mlango, na kipaza sauti kilikuwa wazi, kwa hiyo tulimsikia sote: “Mzungushe taratibu tu, mara mbili. Ataogopa, atashuka mwenyewe.”

Nilimtazama mtoto wetu kupitia kile kioo. Nakuapia, sikujua atafanya nini. Mkono wake ulikuwa kwenye swichi. Nami nilifumba macho, kwa sababu nilikuwa mwoga na sioni haya kulisema.

Sinia halikuzunguka. Nilipofumbua, alikuwa amechomoa ufunguo, ameukunja kiganjani. Akasema kwenye kipaza sauti, hatanii tena: “Shukeni wote. Lile bomba lilikuwa linagonga tangu kiangazi. Nilimwambia bosi. Akaniambia niongeze muziki. Nikaongeza.” Bang akampiga kofi. Gi-tae hakurudisha. Akarudia tena, kwa sauti ileile: “Nikaongeza muziki.” Kisha akateremka, akanishika mkono, akanishusha ngazi moja moja kama mimi ndiye niliyekuwa nimezungushwa.

Hiyo ndiyo aibu niliyomtia mwanao. Umeijua yote sasa.

Kesho yake alitaka kwenda kwa mama Yechan. Nikafuatana naye. Tulimkuta saluni, mlango nusu wazi, anakunja taulo ambazo hakuna mteja aliyezitumia. Gi-tae akapiga magoti sakafuni, paji la uso chini. Yule mama hakumwambia inuka, wala hakumwambia toka. Aliendelea na taulo zake. Halafu akauliza jambo moja tu: “Mwanangu aliogopa?”

Nilitamani adanganye. Kweli, Pil-ho, nilitamani, hata nikakohoa. Lakini akasema, “Aliniita, mama. Alisema, ‘Acha, kaka, acha, linachomoka.’ Pale kila mtu anasema acha. Ndiyo raha yenyewe. Nilidhani anacheza. Nilicheka kwenye kipaza sauti, nikasema, jeshini hakuna acha.”

Taulo lilimwanguka. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo chake mwenyewe, akajitazama kwa muda mrefu. Sikujua kama nimshike au nimwache. Mwishowe akasema, akimtazama Gi-tae ndani ya kioo, “Nenda polisi ukaseme hivyohivyo. Usipunguze neno.” Alipoona hajainuka, akapandisha sauti: “Nenda!”

Akaenda siku hiyohiyo. Amesema yote, ya kwake na ya Bang. Kesi itasikilizwa mwezi ujao, na wakili tuliyepewa anasema Gi-tae naye huenda akaadhibiwa. Anajua. Nilimuuliza kama anaogopa, akasema anaogopa, akaniomba chumvi.

Sasa watu wa hapa ndio wananimaliza! Eti nimeua bandari. Eti wageni hawatakuja. Yule muuza ngisi wakavu wa jirani, ambaye nilimlelea watoto wake watatu, hanisalimii. Juzi mmoja kaniambia uso kwa uso, “Ajali moja tu, dada, na unatufungia riziki wote.” Moja tu! Nikamwambia achague basi, katika watoto wake, yupi awe hiyo moja tu. Akaondoka bila kulipia wala kumaliza tambi. Na vijana bado wanauliza mtandaoni lini litafunguliwa. Nimechoka, Pil-ho. Hivi tumbo lisiporushwa juu mtu hawezi kujua yuko hai? Mimi nakunywa chai yangu, nasikia inashuka, najua niko hai.

Nawe unaniambia nimkatie tiketi ya ndege aje kwako kabla ya kesi. Sitafanya hivyo. Si kwa sababu simpendi. Nimempikia na kumfulia tangu arudi nchini, na usiku huwa namsikia anatembea chumbani juu yangu. Nikimpandisha ndege ataishi kwako kama mtu aliyejificha, na wewe hutamwona tena usoni, utaona kisogo tu. Hapa angalau ananitazama. Asubuhi anakwenda kusaidia kupakua samaki, anarudi, anakula, anamsomea Mama gazeti kwa sauti kubwa mpaka majirani wanajua habari zote za dunia.

Usimpigie kumwambia anyamaze. Ukiweza kuja, njoo ukae nyuma yake siku ile ya kesi, huhitaji kusema lolote. Cherehani zenu za kazi zitakusubiri. Ukishindwa, shindwa kwa sababu ya kweli, usinitafutie visingizio.

Msalimie sana wifi Sun-ok, mwambie akandwe goti kwa maji moto na si kwa ubishi. Nisalimie mabinti, Eun-sil na mdogo wake Mi-rang, na yule mkwe Mwargentina anayeniita “shangazi” kwa matamshi yanayonichekesha. Mama anakutumia baraka zake. Kasema ule vizuri na uache sigara, najua hutafanya hata moja. Mbingu ziwalinde wote mlio chini ya paa hilo, na ziwaletee usingizi mwema.

Samahani kama maneno yamekuwa makali. Lakini leo asubuhi nilipokuwa naosha kome nimemwona mama Yechan kwenye dirisha la saluni, ameshika simu sikioni, hazungumzi. Anaipigia namba ya mwanawe asikie sauti yake iliyorekodiwa, ikisema tuache ujumbe atatupigia baadaye. Wewe wa kwako akipigiwa, anapokea mwenyewe. Basi mpigie, Pil-ho.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa nimekasirika,

Mal-sun