Kuanzia Miaka Minne hadi Minane

Gerezani,
2 Juni 2025

Kwa mdogo wangu Amondi,

Nakusalimu sana. Hujambo? Kifua chako bado kinakusumbua msimu huu wa baridi? Huku mimi na Ajwang tuko wazima, isipokuwa mafua ambayo yanazunguka wodi nzima na kurudi kwa aliyeanza.

Usishtuke kuona mwandiko wangu. Wiki jana akina mama wa kanisa walituletea katoni ya vitabu vya watoto, vikuukuu, vyenye muhuri wa maktaba yenu. Ndani ya jalada la cha kwanza kulikuwa na maneno ya penseli: "Miaka 3. Soma polepole. Ukiruka ukurasa, atajua." Hiyo "k" yako ya mguu mrefu ningeitambua popote. Miaka minne sijaona hata herufi yako moja, halafu unaanza na amri.

Ajwang anavipenda. Anajua ng'ombe, mbwa, trekta, bahari, na vyote anavijua kwa picha tu, maana hata mbwa hajawahi kumwona. Juzi nilimsomea kile cha mama anayetoka sokoni, akafika kwake na kufungua mlango. Ajwang akaniuliza, "Huyo ni afande?" Nikamwambia hapana, ni mama tu. "Sasa funguo amepewa na nani?"

Amondi, sitazunguka. Ajwang anatimiza miaka minne tarehe 30 Agosti. Sheria ni kwamba akifika minne hawezi kukaa nami tena. Afande Chepngeno, anayeshughulikia mambo ya watoto hapa, ana fomu yenye nafasi ya jina la ndugu, na nafasi hiyo iko wazi. Watu wa mume wangu Ogada hawamtaki mtoto wa mwanamke aliyemuua mwana wao, na siwezi kuwalaumu. Tuligombana, nikamsukuma, akaangukia ngazi ya saruji, na mahakamani sikukana. Baba naye siku hizi hawezi hata kujipikia. Nafasi hiyo isipojazwa, mtoto atapelekwa makao ya watoto, na sijui ni makao gani wala mji gani.

Naomba jina lako.

Dada yako,
Syprose


Kericho,
19 Juni 2025

Kwa dada Syprose,

Pokea salamu zangu. Nimefurahi kusikia hamna shida kubwa ya afya. Mimi kifua kimetulia kidogo, nashukuru. Yale mafua, mpe Ajwang maji ya moto yenye limau kama mnaruhusiwa limau.

Barua yako ilichukua siku tisa kutoka mahali ninapoweza kufika kwa miguu kwa nusu saa. Najua. Sihitaji kuambiwa.

Nimefurahi kwamba vitabu vilikufikia. Watu hudhani vitabu vya watoto wadogo ni kazi rahisi, chukua chochote chenye sungura. Mtoto aliye chini ya miaka miwili anakula kitabu, na mimi huwaambia wazazi wamwache akile, mradi kiwe cha kadi ngumu. Wa mitatu anataka vitu vyenye majina. Lakini mkuu wetu, Kipngetich, ana vibandiko vyake vya rangi, kila umri na rangi yake, na anataka kila mtoto abaki kwenye rangi yake kama ng'ombe wa zizi. Jana alimnyang'anya msichana wa miaka tisa kitabu cha miaka sita. Mtoto wa tisa akirudi kwa kitabu cha sita, ujue amechoka, anataka kupumzika. Kipngetich alipogeuka nilimrudishia.

Nimeandika hadi hapa na sijajibu ulichoniuliza. Syprose, nina chumba kimoja na kitanda kimoja. Nafanya kazi hata Jumamosi. Tena kuna jambo lingine ambalo linanichoma. Hapa kazini na kanisani, tangu mwaka ule, nimewaambia watu uko Saudi. Wao huniuliza utarudi lini. Kuna mama mmoja wa kwaya anataka umtafutie kazi huko. Sasa nikitokea na mtoto wa miaka minne niseme umenitumia kwa ndege?

Nipe muda kidogo. Usinikasirikie.

Mdogo wako,
Amondi


Gerezani,
27 Juni 2025

Kwa Amondi mdogo wangu,

Salamu kutoka Saudi. Huku kuna baridi na maharagwe. Mwambie mama wa kwaya nafasi zipo nyingi.

Nilicheka mpaka afande anayesoma barua akaja kuniuliza kama ni salama. Halafu nikalia, nisikufiche. Natumaini kifua kinaendelea vizuri. Ajwang amepona, sasa ni zamu yangu kupiga chafya.

Nilikuuliza habari za mtoto ukanijibu habari za vibandiko. Sawa. Basi nakuomba kitu ambacho kiko ndani ya kazi yako. Nitafutie kitabu cha mtoto anayeachana na mama yake na anabaki salama. Ajwang huelewa jambo likishapita kitabuni. Mwaka jana mtoto wa mwenzangu mmoja alichukuliwa asubuhi bila kuandaliwa na mtu yeyote. Alilia kutoka wodini hadi langoni, na tulimsikia hatua zote. Mama yake hajawahi kuwa sawa tangu siku hiyo.

Zimebaki siku sitini na nne. Nazihesabu nikiamka kabla hata sijafungua macho.

Dada yako,
Syprose


Kericho,
10 Julai 2025

Dada yangu Syprose,

Natumaini chafya zimepungua. Mimi ni mzima wa mwili, lakini usingizi umenikimbia.

Nimepekua rafu zote za watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Nimepata vitabu kumi na vinne vya mtoto anayeachana na mama. Mama ameenda kazini, mama amelazwa hospitali, kifaranga amepotea shambani. Katika vyote, Syprose, vyote kumi na vinne, mama anarudi ukurasa wa mwisho. Na mimi nimevisifu vitabu hivyo kwa miaka sita. Nimesimama mbele ya walimu nikiwaambia mtoto wa umri huo lazima alale akijua mama amerudi. Leo nimekaa navyo sakafuni, nikiwakasirikia wote waliovitunga. Vitamdanganya Ajwang. Atafika mwisho wa kitabu na wewe hutakuwepo.

Kuna kimoja kizuri cha miaka kumi ambacho hakidanganyi, lakini mama anakufa, na wewe hujafa.

Kipngetich alinikuta hapo chini na machozi yangu. Akauliza kuna nini. Nikamwambia yote, gereza, Ogada, mtoto, na kwamba hakuna Saudi. Nilijua kazi yangu imeisha. Akakaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto, magoti yakamfika kidevuni, akasema, "Sasa wewe unatafuta kitabu cha nini? Mtoto atakuzoea aje na hajakuona? Enda Jumamosi. Mimi nitakaa hapa."

Kwa hiyo kitabu hakuna, nakuja mwenyewe. Pengine nitafika kabla ya barua hii. Sijui nitaanza na neno gani. Mwambie afande Chepngeno aandike jina langu kwenye ile fomu, aliandike sasa, kabla sijapata nafasi ya kuogopa tena.

Mdogo wako,
Amondi


Gerezani,
29 Julai 2025

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo tangu Jumamosi? Ulionekana umekonda. Kula.

Umekuja mara tatu sasa. Siku ya kwanza Ajwang alijificha nyuma yangu, na wewe ukaanza kumwelezea mambo ya maktaba kama anaomba kazi. Nilitaka kucheka. Siku ya tatu alikuuliza kama una mlango, ukamwambia unao, na kitasa chake kiko chini, ataufungua mwenyewe. Tangu hapo hata akila anasimama kidogo, anashika hewa, anazungusha mkono. Wenzangu wote wameombwa kuingia na kutoka kwenye huo mlango.

Nimemwambia ukweli. Nilimwambia, "Utaishi kwa Auntie. Mimi nitabaki hapa. Ukiwa mkubwa ndio nitatoka." Akasema sawa. Halafu akakojoa kitandani siku nne mfululizo.

Nina ombi lingine. Nikiendelea na tabia njema nitatoka akiwa na miaka minane. Minne, mitano, sita, saba, hiyo yote itanipita. Wewe unakaa na watoto wa kila umri kutwa nzima. Niandikie atakuwaje na atasoma nini kila mwaka, ili nikikaa hapa nijue yuko wapi. Usinifiche kitu.

Dada yako,
Syprose


Kericho,
21 Agosti 2025

Dada Syprose,

Natumaini mko salama nyote wawili. Mimi nakula, usijali.

Nimechelewa kujibu kwa sababu niliandika na kufuta. Basi sikiza, na usimwonyeshe Kipngetich siku ukimwona.

Akiwa na minne atataka kitabu kilekile kila siku mpaka mimi nikichukie. Watu husema mpe kipya. Upuuzi mtupu. Anarudia ili aone kama kila kitu bado kiko mahali pake, na nikifikiria anakotoka, nitamsomea hata mara mia. Akifika mitano atataka hadithi za kinyesi na watu wazima wanaoanguka matopeni. Walimu hawavipendi vitabu hivyo. Ninavyo vitatu, nimevificha nyuma ya kamusi.

Wa sita anaanza kusoma mwenyewe, na hapo ndipo wanapoharibiwa. Mtoto anasukuma mstari mmoja dakika nzima, jasho linamtoka, halafu akifika mwisho anakuta "funzo la hadithi hii" linamgombeza. Vitabu vya namna hiyo havitaingia kwangu. Tena sitamruhusu mtu amwambie kitabu hiki ni kikubwa kwako. Kikiwa kikubwa atakirudisha mwenyewe.

Saba ndio umri ninaouogopa. Wa saba huuliza, "Hii ni ukweli?" kwa kila kitu. Ataniuliza baba yake alikufaje. Sina kitabu cha hilo na sidhani kipo. Itabidi jibu litoke kwako, kwa hiyo anza kuliandika mapema.

Na minane. Nimefikiria sana kama nikuandikie hili, lakini ulisema nisifiche. Wa minane anasoma peke yake, kimya, na hataki kusomewa. Anaona ni mambo ya watoto. Utatoka wakati huo. Samahani, dada. Msomee sana hizi siku zilizobaki.

Nimeweka kitanda kidogo kando ya changu. Tarehe 30 ni Jumamosi. Saa tatu asubuhi nitakuwa langoni.

Mdogo wako,
Amondi


Kericho,
15 Septemba 2025

Dada yangu Syprose,

U hali gani? Nauliza kwa moyo wote, si kwa desturi ya barua. Ajwang ni mzima, anakula, ameongezeka.

Siku ile hakulia, uliona mwenyewe. Tulipotoka alitaka kutembea katikati ya barabara kwa sababu ilikuwa pana. Mbwa wa kwanza alipompita alisema, "Ni kubwa kuliko ya kitabu," akanipanda hadi shingoni. Mlango wangu anaufungua vizuri. Milango mingine yote anasimama mbele yake, mikono nyuma, akingoja kuambiwa. Akimaliza shule ya chekechea mchana huja maktabani, na watoto wakipanga mstari yeye huwahesabu kwa sauti. Wanadhani ni mchezo.

Sasa nikwambie jambo. Jumatano, watoto wakiwa wengi, alijikwaa kwenye mkeka akaita, "Mama!" akinitazama mimi. Nilimwinua nikamwambia, "Mimi ni Auntie. Mama ako kule, tutaenda kumwona." Kesho yake akaniita tena, halafu akafunika mdomo kwa mkono kama ametukana.

Naogopa kukwambia na naogopa zaidi kukuficha. Sikumfundisha, Syprose, naapa. Wewe ndiye mama yake. Niambie nifanye nini.

Mdogo wako,
Amondi


Kericho,
6 Oktoba 2025

Dada Syprose,

Nakusalimu tena. Wiki tatu hujanijibu. Jumamosi tulikuja sote wawili, na afande Chepngeno akatuambia hujisikii vizuri, hutatoka. Ni mwili, au ni mimi? Kama ni mwili niambie nilete dawa. Kama ni mimi, nitukane, nitavumilia.

Ajwang alikaa kwenye benchi la wageni saa nzima, ameshika kitabu alichotaka umsomee. Sasa haniiti jina lolote. Haniiti mama wala Auntie. Akitaka kitu ananivuta nguo. Jana alikuwa na kiu, na badala ya kusema alinivuta sketi, akaonyesha mtungi. Mimi siwezi kuendelea hivi na yeye pia hawezi.

Nijibu hata mstari mmoja.

Amondi wako


Gerezani,
12 Oktoba 2025

Kwa Amondi, mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Ajwang. Mimi ni mzima. Sikuwa mgonjwa siku ile. Nilikuwa na wivu.

Nilianza kukuandikia mara tatu nikikukataza asikuite hivyo hata kwa bahati mbaya, na mara tatu nikararua. Barua moja ilikuwa na matusi, yako na ya marehemu. Wewe una mlango, una vitabu, una miaka yake yote minne inayokuja, nikaona sasa unachukua na jina. Siku mliyokuja nilikuwa nimelala nikitazama ukuta, nikijua mko pale nje. Nisamehe. Niombee msamaha kwake pia, ingawa hataelewa.

Halafu ikaja hiyo barua ya pili. Sketi ndiyo iliyoniinua. Mtoto wangu ana kiu na hana neno la kumwita mtu. Amondi, huku ndani mtu aliyempa maji, aliyempikia uji, aliyemfunika, alikuwa na jina moja tu. Sikumfundisha lingine kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine. Hakuninyang'anya kitu. Alikuona unafanya kazi hiyo akakupa jina la kazi hiyo.

Mlete Jumamosi, na kile kitabu. Nitatoka, hata nikiwa na homa nitatoka.

Na akikuita mama, itika. Itika haraka, asije akafunika mdomo tena.

Dada yako,
Syprose